Laxton, Kijiji Chenye Baraza la Mipaka

Mtu akitajiwa nchi ya Uingereza, mara nyingi huwaza London, viwanda, migodi ya makaa na bandari zenye meli nyingi. Ni haki yake kuwaza hivyo. Lakini kabla ya kuwako viwanda Mwingereza alikuwa mkulima, na katika sehemu kubwa ya nchi yake alilima kwa desturi ambayo leo imekwisha kabisa isipokuwa katika mahali pachache mno. Mahali palipo mashuhuri kuliko pengine pote ni kijiji kiitwacho Laxton, katika wilaya ya Nottinghamshire, si mbali na mji wa Newark. Ni kijiji kidogo: watu wake ni mamia machache tu, wazee na watoto pamoja.

Jina la Laxton limo katika kitabu kikubwa cha hesabu ya nchi kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, yule aliyevuka bahari kutoka Normandy akaitwaa Uingereza. Kitabu hicho chaeleza kwamba zamani kijiji kilikuwa cha mtu aitwaye Tochi, na kwamba sasa kimekuwa chini ya Geoffrey Alselin, mmoja wa watu wa mfalme mpya. Hapo wakubwa wapya walijenga ngome juu ya kilima cha udongo uliorundikwa na watu, na kilima hicho kingalipo, kimeota majani, na ng'ombe na kondoo hulisha karibu yake. Mabwana wa Laxton wa nyakati zile ndio waliokuwa walinzi wa msitu wa mfalme uitwao Sherwood, ule ule ambao hadithi za Robin Hood zimeufanya ujulikane na kila mtoto wa shule.

Lakini si ngome iletayo wageni Laxton. Wageni huja kuangalia mashamba.

Mashamba yenyewe ni matatu makubwa, nayo yana majina: Shamba la Magharibi, Shamba la Kinu na Shamba la Kusini. Ndani yake hakuna ua, hakuna ukuta wala seng'enge. Mtu akisimama ukingoni huona ardhi moja iliyo wazi mpaka mbali, kama kwamba ni mali ya mtu mmoja. Kumbe sivyo. Kila shamba limegawanyika ngwe nyingi, na mkulima mmoja ana ngwe zake hapa na pale katika yote matatu. Ngwe ya huyu yapakana na ya yule, na ya yule na ya mwingine, na katikati hapana kitu kiwatengacho ila mfuo wa plau.

Huenda msomaji akauliza kwa nini watu wenye akili waliichana ardhi yao namna hii, badala ya kila mmoja kupewa sehemu yake mahali pamoja. Sababu ziko, na si za kipumbavu. Ardhi ya kijiji haifanani. Huku udongo ni mzuri, kule maji hutuama. Upande mmoja hupata jua, mwingine uko bondeni wenye baridi. Aliyepewa sehemu moja tu angaliweza kupewa yote mabaya, na jirani yake yote mazuri. Kwa kutawanya ngwe, kila mmoja alipata kidogo cha neema na kidogo cha taabu.

Sababu ya pili ni kazi yenyewe. Plau ya zamani ilikuwa nzito, na udongo wa Laxton ni wa mfinyanzi, mzito vile vile. Kuvuta plau katika udongo kama huo kulihitaji maksai wengi, na wachache walikuwa na maksai wa kutosha peke yao. Basi watu walisaidiana. Urefu ambao wanyama waliweza kwenda kabla ya kupumzika ulikadiriwa yadi 220, na kipimo hicho Waingereza walikipa jina lenye maana ya urefu wa mfuo mmoja. Ukipima yadi 220 kwa urefu na yadi 22 kwa upana, umepata ekari moja. Na ekari ilihesabiwa kuwa kazi ya plau ya siku moja. Kwa hiyo ekari hii tuitajayo kila siku katika hati zetu za ardhi haikutoka katika vitabu vya wapimaji. Ilitoka nyuma ya maksai.

Mashamba ni matatu kwa sababu ardhi huchoka. Mwaka wa kwanza shamba moja hupandwa ngano, mbegu zikitiwa wakati wa majani kupukutika, kabla ya baridi kali. Mwaka wa pili hupandwa mazao ya masika, kama vile shayiri au kunde. Mwaka wa tatu shamba zima hupumzishwa. Zamani mifugo ya kijiji chote iliachiwa kulisha humo, ikala magugu na kuacha samadi yake. Siku hizi wakulima huliotesha majani ya kulishia mifugo. Mwaka unaofuata mzunguko huanza tena. Basi mtu mmoja hawezi kuamua kupanda atakalo, wakati atakao. Akipanda ngano peke yake katika shamba ambalo wenzake wamelipumzisha, atazuia njia na malisho ya wote. Hapo ndipo ilipozaliwa haja ya baraza, nalo nitalieleza baadaye kidogo.

Jinsi mashamba haya yalivyokuwa zamani yajulikana kwa bahati njema. Mwaka 1635 mwenye Laxton alikuwa Sir William Courten, mfanya biashara tajiri wa London, ambaye watu wa ukoo wake walitoka Flanders, naye ndiye aliyetoa fedha za kupeleka watu wa kwanza kukaa katika kisiwa cha Barbados. Tajiri huyu alitaka kujua kwa hakika amenunua nini. Akamwajiri mpima mmoja, Mark Pierce, naye akachora ramani kubwa iliyoonyesha kila ngwe na kila nyumba, pamoja na kitabu cha orodha kilichotaja ni kipande cha nani na ukubwa wake ni kadiri gani. Wala Pierce hakuridhika na mistari tu. Alitia picha ndogo ndogo za watu wakilima, wakivuna na wakiwinda, hata ukiitazama ramani hiyo waona kijiji kizima kazini. Sasa imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, mjini Oxford. Naamini hakuna vijiji vingi duniani vilivyoandikiwa shahada nzuri kama hiyo.

Kwa nini basi desturi hii ilitoweka kwingine? Ilitolewa kwa sheria. Hasa tangu katikati ya karne ya 18 mpaka katikati ya karne ya 19, Bunge la Uingereza lilipitisha maelfu ya sheria, kila moja ikihusu kijiji kimoja au vichache, za kukusanya ngwe zilizotawanyika, kugawa upya ardhi na kuizungushia ua. Hesabu kamili, tangu 1604 hata 1914, ni sheria zaidi ya 5,200, nazo zilihusu ekari kiasi cha milioni 6.8. Wakulima wakubwa walifaidika. Waliweza kulima watakavyo, kumwaga maji ya mashamba yao, na kuzalisha mifugo bora isiyochanganyika na ya jirani, na hapana shaka chakula cha nchi kiliongezeka. Lakini maskini ambaye alikuwa na ng'ombe mmoja tu, aliyezoea kumlisha katika malisho ya wote, alijikuta hana mahali pa kumpeleka. Alipewa kipande kidogo kisichotosha, akakiuza. Au hakupewa chochote, maana hakuwa na karatasi ya kuthibitisha haki yake. Wengi waliishia kuwa vibarua, au kwenda mjini kutafuta kazi viwandani.

Wasomaji wa Kenya, hasa wa Mkoa wa Kati wa zamani, hawatahitaji kuelezwa sana jambo hili. Chini ya mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vilivyotawanyika vilikusanywa vikaandikiwa hati, na faida zilizotajwa zilikuwa zile zile zilizotajwa katika Bunge la Uingereza miaka mia mbili kabla yake. Malalamiko nayo yalifanana, kwa maana mengi yalipimwa wakati wenyewe wakiwa vizuizini, hawana nafasi ya kusimama mpakani na kusema neno.

Laxton iliponaje? Si kwa sababu watu wake waliona mbali kuliko wengine. Ardhi ilikuwa mikononi mwa wakubwa zaidi ya mmoja, wa kwanza akiwa Earl Manvers, na mwingine Earl wa Scarbrough, na kugawa upya kungetaka wapatane na watumie fedha nyingi. Hawakupatana. Sehemu za mbali za kijiji zilizungushiwa ua kidogo kidogo, lakini mashamba matatu ya katikati yakabaki, na mwaka ukafuata mwaka mpaka jambo likawa kama limesahauliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Earl Manvers aliyekuwako alipunguza idadi ya ngwe, akaziunganisha zikawa pana zaidi, ili mkulima asipoteze siku nzima akitembea. Hata hivyo hakuvunja mpango wenyewe. Kisha mwaka 1938 Bwana na Bibi Orwin, wataalamu wa kilimo na historia, walitoa kitabu juu ya mashamba ya wazi, nacho kilitumia Laxton kuwa mfano mkubwa. Kuanzia hapo kijiji kilijulikana na wasomi wa nchi nyingi.

Sasa nije kwa baraza. Jina lake la kale ni Court Leet, na zamani mabwana wengi wa vijiji Uingereza walikuwa na haki ya kuwa nalo. Lilihukumu makosa madogo: mifugo iliyoingia katika mazao, mfereji ulioziba, ugomvi wa majirani, vipimo vya udanganyifu. Kadiri mahakama za serikali zilivyoenea, mabaraza haya yalififia, na mengi yaliyobaki yakawa mchezo wa heshima tu, watu wakivaa kofia za zamani na kula karamu. Mwaka 1977 Bunge lilitunga sheria ya kuyaondolea mabaraza hayo nguvu ya kuhukumu. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo Laxton imetengwa kwa jina lake. Baraza la Laxton halikuguswa, kwa sababu lilikuwa lingali na kazi ya kweli.

Kazi yenyewe huanza mwisho wa mwezi wa Novemba. Ngano imekwisha kupandwa katika shamba lililo zamu yake, na majani machanga yameanza kuonekana, hata mstari wa kila mtu waonekana wazi. Siku hiyo wazee wa baraza kumi na wawili pamoja na mkuu wao hutoka kulikagua. Nawaita wazee wa baraza kwa kuwa jina hilo lajulikana kwetu, lakini si lazima wawe na mvi. Ni wakulima wa hapo hapo, walioapishwa mwaka uliotangulia. Siku hizi hupanda gari la kukokotwa na trekta, na ni vyema, maana Novemba ya Nottinghamshire ni baridi na matope.

Huenda ngwe kwa ngwe. Hutazama kama mkulima amelima kupita mpaka wake akala ardhi ya jirani. Hutazama kama amelima ukingo wa njia ambayo wote huipita, au kama ameacha mfereji uzibe hata maji yakafurika kwa mwenzake. Mahali ambapo mpaka haueleweki hupima, wakapigilia kigingi cha mti ardhini. Na kigingi hicho ndicho neno la mwisho. Kila kosa huandikwa. Kisha huenda kula pamoja, na baada ya chakula huketi kuamua faini, kila kosa kwa kadiri yake.

Hapa ndipo pana jambo linalonipendeza kuliko yote. Wale kumi na wawili wenyewe wana ngwe katika shamba hilo hilo. Hutokea basi kwamba mmoja wao ndiye aliyelima kupita kiasi, naye yupo pale pale, amesimama na wenzake juu ya mfuo wake mwenyewe, hana pa kujificha. Huandikwa kama wengine. Faini yake si kubwa, pauni chache tu, na hakuna mtu atakayefilisika kwa ajili yake. Lakini kutajwa mbele ya majirani ambao utakutana nao kesho njiani, na keshokutwa kanisani, ni uzito ambao hauhesabiwi kwa pauni.

Baada ya juma moja baraza lenyewe huketi katika nyumba ya kulia na kunywea ya kijiji, iitwayo Dovecote Inn. Msimamizi wa baraza, ambaye ni mwanasheria, huketi mezani. Kila mwenye ardhi apaswa kuhudhuria, na asiyekuja hutozwa faini ya senti mbili tatu, kwa kuwa kutokuja nako ni kosa. Habari za ukaguzi husomwa, faini hutangazwa. Mwenye malalamiko husema. Kisha huchaguliwa wazee wapya, nao huapishwa ili wakague shamba la pili mwaka ujao. Kumbukumbu za baraza hili ziko tangu karne ya 17, na mtu akizisoma huona makosa ni yale yale, ila majina yamebadilika.

Kuna vipande vingine vya ardhi ambavyo plau haiviingii kamwe. Ni mabonde membamba yenye majani, kati ya ngwe na ngwe, mahali palipo na maji mengi au mteremko. Atakayevilima atatozwa faini. Majani yake huuzwa kila mwaka kwa mnada wakati wa kiangazi, na fedha hugawiwa wale wenye haki ya kale ya malisho. Kwa sababu hayajalimwa kwa karne nyingi, mabonde haya yana maua ya porini ambayo kwingine yamekwisha kwa plau na dawa, na wataalamu wa mimea huyathamini sana hata serikali imeyaweka chini ya ulinzi.

Kijiji chenyewe kimejengwa kwa namna inayofuata mashamba. Mahali pengi Uingereza nyumba za wakulima zimetawanyika, kila moja katikati ya ardhi yake. Laxton, kwa kuwa ardhi ya kila mtu iko kila mahali, nyumba zimekusanyika kando ya njia, nyingi zimeelekeza ubavu barabarani, na nyuma ya kila moja kuna kiwanja kirefu chembamba. Mkulima ajua jirani yake ameamka saa ngapi. Kuna kanisa la Mtakatifu Mikaeli, la mawe, lenye makaburi ya mabwana wa zamani, na humo sanamu ya mwanamke iliyochongwa kwa mti wa mwaloni katika zama za kati, ambayo haikuliwa na wadudu wala kuchomwa moto. Kuna pia zizi ambamo mnyama aliyepotea alifungwa mpaka mwenyewe aje kulipa.

Yote haya yalikaribia kupotea si mara moja. Mwaka 1952 Earl Manvers wa wakati huo, akihofu yatakayokuwa baada yake, aliuza kijiji kwa Wizara ya Kilimo ili mashamba ya wazi yahifadhiwe. Kwa muda wa miaka karibu thelathini serikali ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba wa wakulima wa Laxton. Mwaka 1981 wizara iliyauza kwa Crown Estate, shirika lisimamialo mali ya Taji. Nalo mwaka 2018 likatangaza kwamba lataka kuuza. Wakulima walikuwa na haki ya kuingiwa na hofu, kwa maana mpangaji hana sauti kubwa mwenye ardhi akibadilika, na mnunuzi asiyejali desturi angeweza kuliacha baraza life pole pole bila kulivunja kwa neno. Mwaka 2020 mauzo yalikamilika, na mnunuzi alikuwa milki ya Thoresby, yaani ya ule ule ukoo wa akina Manvers uliokuwa umekiacha kijiji mwaka 1952.

Hata hivyo haki ya ardhi si shida pekee. Mashine za siku hizi ni pana, nazo hutaka mashamba mapana. Ngwe nyembamba humpotezea mkulima mafuta na wakati kila ageuzapo trekta mwishoni, na bei ya ngano haimwulizi kama ililimwa kwa desturi ya kale au mpya. Mashamba ya wazi hayafiki ekari 500, hayamtoshi mtu yeyote kwa riziki. Kila mkulima hutegemea pia ardhi yake iliyozungushiwa ua, na zile ngwe huzilima kwa kuwa zimo katika mapatano ya kupanga. Wakulima wenyewe wamepungua, kama kwingine kote Uingereza. Na baraza lahitaji wazee kumi na wawili na mkuu wao, tena watu wanaojua mfuo ulionyooka na uliopinda. Sheria ya 1977 yaweza kulilinda baraza, lakini haiwezi kulizalia wakulima.

Kwa sasa wapo. Shamba lililokaguliwa Novemba iliyopita litapandwa mazao ya masika, lile lililokuwa na mazao ya masika litapumzika, na lililopumzika litapandwa ngano, na vigingi vipya vitachongwa kwa ajili yake.